Bastola mahali pa umma: ni wakati gani sheria inamlinda aliyeitumia kujihami?

Kitwana (swali)

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Nimo katika maandalizi ya kuomba leseni ya bastola kwa ajili ya kujilinda, na kabla sijalipa ada yoyote nimeona ni vyema niulize jambo ambalo wauza silaha hawaligusi na ambalo fomu za maombi hazilielezi. Mtu aliyebeba silaha kihalali akishambuliwa mahali pa umma, iwe ni kituo cha mabasi, maegesho ya magari au mlangoni mwa benki, anaruhusiwa kufanya nini hasa, na mpaka wake uko wapi?

Nitoe mfano ili majibu yasielee hewani. Tuseme mtu amesimama usiku kwenye mashine ya kutolea fedha. Watu wawili wanamkaribia. Mmoja anazungukia nyuma yake, na mwingine anadai pochi huku mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya koti. Hakuna kisu kilichoonekana wala tishio la kuua lililotamkwa. Je, anaweza kuchomoa bastola? Akichomoa, nao wakarudi nyuma, anaweza kufyatua? Na wakiinyakua pochi wakatimua mbio, je?

Kuna wanaosema kwamba ni lazima ukimbie kwanza na utumie silaha pale tu ambapo njia zote zimefungwa. Wengine wanasema kwamba ukiwa mahali unapostahili kuwepo hulazimiki kurudi nyuma hata hatua moja. Wapo pia wanaodai kuwa risasi moja ya onyo hewani humwondolea mtu lawama zote. Naomba majibu ya waliosoma sheria na ya waliofundisha matumizi ya silaha, kwa maana hadithi za sinema tumezishiba.

Wakili Mstaafu

Ndugu Kitwana, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua, maana wengi wa niliowatetea waliuliza baada ya kukamatwa. Swali lako limebeba maswali manne ambayo watu huyachanganya: haki ya kumiliki silaha, ruhusa ya kutembea nayo, haki ya kuichomoa, na haki ya kumpiga mtu risasi. Kila moja lina sheria yake, na mwenye kushinda moja hajashinda mengine.

Nchini Ujerumani, kwa mfano, kibali cha kumiliki bunduki ni kitu kimoja na kibali cha kuibeba hadharani ni kingine kabisa, na hiki cha pili hutolewa kwa nadra kwa sababu mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba maisha yake yamo hatarini kuliko ya raia wa kawaida. Afrika Kusini, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000 inaruhusu leseni ya silaha moja ya kujihami kwa mtu anayeonyesha kwamba anaihitaji na kwamba hawezi kujilinda kwa njia nyingine inayofaa. Hata akiipata, bastola anayobeba hadharani ni lazima iwe ndani ya ala au mfuko unaofaa, ifunikwe kabisa, na iwe chini ya uangalizi wake. Marekani imekwenda upande mwingine: mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ilifuta sharti la jimbo la New York lililomtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kubeba silaha, na leo zaidi ya nusu ya majimbo ya nchi hiyo hayadai kibali chochote kwa mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria. Lakini New York hiyo hiyo ilijibu hukumu ile kwa kutunga orodha ndefu ya mahali ambapo silaha ni marufuku, na uwanja wa Times Square ukawa mmojawapo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, hapo uliposimama uliruhusiwa kuwa na silaha?

Nalisisitiza kwa sababu ya kesi ya Goetz. Tarehe 22 Desemba 1984, ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini New York, Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne baada ya mmoja wao kumtaka ampe dola 5. Mwaka 1987 jopo la wananchi walioamua kesi lilimwachia huru katika mashtaka ya kujaribu kuua, lakini lilimtia hatiani kwa kubeba bastola isiyo na kibali, na kifungo alichotumikia kilitokana na kosa hilo. Halafu mwaka 1996, katika shauri la madai lililofunguliwa na mmoja wa majeruhi aliyekuwa amepooza, jopo lingine lilimwamuru alipe dola milioni 43. Tukio lile lile moja likatoa majibu matatu tofauti.

Sasa niingie katika kiini. Mifumo mingi ya sheria hukubaliana kwamba mtu anaweza kutumia nguvu kujikinga na shambulio lisilo halali ambalo linatokea au liko karibu kabisa kutokea, kwa kiasi kinachohitajika na kisichopita kadiri ya hatari yenyewe. Pasipo shambulio la sasa, hakuna kujihami. Aliyekutishia jana, au atakayerudi kesho na wenzake, unampeleka polisi. Aliyekupiga kofi kisha akageuka kwenda zake, shambulio lake limekwisha, na risasi ya mgongoni haitaitwa kujihami mbele ya jaji yeyote niliyepata kusimama mbele yake.

Ugumu unaanza katika kile ulichoamini. Katika kesi ya Beckford ya mwaka 1988, iliyotoka Jamaika hadi kwenye Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa za nchi hiyo, iliamuliwa kwamba mshtakiwa hupimwa kwa hali kama alivyoiamini kwa dhati, hata kama aliamini vibaya. Swali la kama imani hiyo ilikuwa ya busara linasaidia tu kujua kama kweli aliiamini. Uingereza imeliingiza jambo hilo katika sheria ya mwaka 2008, pamoja na nyongeza ambayo wapenda pombe wanapaswa kuikariri: imani potofu iliyotokana na ulevi wa kujitakia haikusaidii. Mahakama ya Rufani ya New York, katika kesi ile ile ya Goetz mwaka 1986, ilitaka zaidi, yaani imani ambayo mtu mwenye busara, akiwa katika mazingira yale na akiyajua yale aliyoyajua mshtakiwa, angekuwa nayo. Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani na kwenda gerezani kwa mtu aliyeona simu akadhani ni bastola.

Kwa mfano wako wa mashine ya fedha: wingi wao, yule wa nyuma, mkono uliofichwa, usiku na dai la pochi ni mazingira ambayo mahakama huyatazama kwa pamoja, na kuchomoa bastola na kuamuru warudi nyuma kunaweza kutetewa mahali pengi. Kufyatua kwa sababu ya mkono uliofichwa peke yake ni suala jingine, na hapo ndipo kesi zinapogawanyika. Wakirudi nyuma, haki yako ya kufyatua inarudi nyuma pamoja nao. Wakikimbia na pochi, sheria nyingi hazikuruhusu kuua kwa ajili ya mali iliyokwisha ondoka. Texas ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kanuni ya adhabu inaacha mlango wazi, chini ya masharti maalumu, kwa anayemfyatulia mporaji anayekimbia na mali.

Tazama pia kilichotokea Clearwater, Florida, mwaka 2018. Watu waligombana juu ya eneo la maegesho la walemavu. Mmoja alisukumwa akaanguka chini, na akiwa pale pale akachomoa bastola aliyokuwa na kibali nayo. Kamera ya duka ilionyesha aliyemsukuma akipiga hatua kurudi nyuma alipoiona silaha, kisha ikaonyesha risasi. Mwanzoni mkuu wa polisi wa eneo hilo alikataa kumkamata, akitaja sheria ya kutorudi nyuma. Baadaye mwendesha mashtaka alifungua kesi, na mwaka 2019 mpigaji alihukumiwa miaka 20 kwa kuua bila kukusudia. Kilichomtia hatiani ni sekunde chache kati ya kuchomoa na kufyatua, na zote zilikuwa kwenye picha.

Kuhusu kukimbia, wote uliowasikia wana sehemu ya ukweli, kila mmoja mahali pake. Florida ilipitisha mwaka 2005 sheria inayomwondolea aliye mahali halali wajibu wa kurudi nyuma. New York bado inataka urudi nyuma kabla ya kutumia nguvu ya kuua, ikiwa unajua kwamba unaweza kufanya hivyo kwa usalama kamili, isipokuwa uwe nyumbani kwako. Uingereza haina wajibu huo, ila nafasi ya kuondoka iliyokuwepo huzingatiwa katika kupima kama nguvu ilihitajika. Ujerumani, kwa kawaida, inashikilia kwamba mwenye haki halazimiki kumkimbia mkosaji, lakini inapunguza haki hiyo pale mshambuliaji anapokuwa mtoto au mgonjwa wa akili, au pale wewe mwenyewe ulipomchokoza. Popote ulipo, mlango uliokuwa wazi nyuma yako utatajwa mahakamani.

Na ukipita kiasi? Hapa mifumo inaachana sana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema waziwazi kwamba anayesababisha kifo kwa nguvu iliyozidi katika kujihami atakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Kanuni ya Kenya, katika kifungu cha 17, inalipeleka suala zima kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza isiyoandikwa. Uingereza kwenyewe, tangu hukumu ya Palmer ya mwaka 1971 na ya Clegg ya mwaka 1995, utetezi huu ama unafaulu wote ama unaanguka wote, bila hatia ndogo ya katikati. Ujerumani nayo haimwadhibu aliyevuka mpaka kwa sababu ya kuchanganyikiwa, woga au kushtuka. Kwa kusema kweli, kifungu hicho cha mwisho ndicho ninachokiona kuwa cha kibinadamu kuliko vyote, ingawa sitamshauri mtu aiweke roho yake rehani juu yake.

Palmer hiyo hiyo iliweka jambo la faraja: mahakama haitarajii mtu aliyeshambuliwa apime nguvu yake kwa mizani ya dukani, na alichofanya kwa uaminifu katika dakika ya dhiki ni ushahidi mzito kwamba hakuzidi. Aidha, katika mifumo hii, suala la kujihami likishaibuliwa ipasavyo ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kulivunja. Ohio lilikuwa jimbo la mwisho la Marekani kumbebesha mshtakiwa mzigo huo, na liliachana nao mwaka 2019.

Mkufunzi wa Shabaha

Wakili ameeleza upande wa mahakama, nami niongeze upande wa uwanjani, kwa sababu sheria inakuuliza ulichoamua na uwanja unakuonyesha kwamba hutakuwa na muda wa kuamua.

Wanafunzi wangu wengi huja wakiwa wanalenga vizuri. Nawapa bastola isiyo na risasi, nawavisha shati refu juu ya ala ya kiunoni, kisha mwenzao mwenye kisu cha mpira anasimama umbali wa hatua chache na kuwajia bila kutoa taarifa. Mara ya kwanza, karibu kila mmoja hushika shati pamoja na mpini, nguo inaingia kati ya kiganja na bastola, na kisu cha mpira kinamfikia mkono ukiwa bado kiunoni. Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika juu ya zoezi lake la muda, akionyesha kwamba mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani mita 6 na kitu, kwa takriban sekunde moja na nusu, ambao ni karibu muda ule ule anaouhitaji mpigaji mwenye mazoezi kuchomoa na kufyatua. Nawasihi msilisome zoezi hilo kinyume, kama wanavyolisoma wengi, wakidhani kwamba yeyote mwenye kisu ndani ya mita hizo amekwisha kuhalalishwa kupigwa risasi. Kilichopimwa pale ni muda. Somo lake ni kwamba umbali, kizuizi kama gari au meza, na kuondoka mapema vina thamani kuliko wepesi wa mkono.

Kwa hiyo, Ndugu Kitwana, katika mfano wako kosa la kiusalama lilitokea kabla ya dai la pochi, pale mtu wa pili alipoachwa azunguke nyuma. Ukimwona anazunguka, ondoka kwenye mashine, hata kadi ikibaki ndani. Benki itakupa nyingine.

Mahali pa umma pana tatizo ambalo halipo kwenye shabaha ya karatasi: watu. Risasi ya bastola inaweza kupenya mwili na kuendelea, na inayokosa haikomi hewani. Miongoni mwa kanuni nne za usalama alizozieneza Jeff Cooper, mkufunzi wa silaha wa Marekani, ile ya kuijua shabaha yako na kilicho nyuma yake ndiyo inayovunjwa kwa urahisi zaidi mtu akiwa na hofu, kwa kuwa hofu huyabana macho yakaona kitu kimoja tu. Wengi waliopitia jambo hili husimulia kwamba hawakusikia mlio wa silaha yao wenyewe wala hawakujua walifyatua mara ngapi. Kama nyuma ya mshambuliaji kuna foleni ya abiria, huenda jibu sahihi likawa kutofyatua kabisa, hata pale sheria ingekuruhusu.

Risasi ya onyo niimalize kwa maneno machache: msiipige. Itaanguka mahali fulani. Mahali pengi kufyatua, hata hewani, huhesabiwa kuwa ni kutumia nguvu ya kuua, na mwendesha mashtaka atauliza kwa utulivu kabisa kwamba ikiwa ulikuwa na nafasi ya kupoteza risasi, hatari ilikuwa ya papo hapo kiasi gani.

Sasa lile ambalo watu hawalifikirii kamwe. Polisi wanaofika hawakujui. Mwaka 2021 huko Arvada, Colorado, mtu mwenye bunduki alimuua askari. Raia aliyekuwa na bastola yake akampiga risasi muuaji huyo, kisha akaiokota bunduki ya muuaji. Askari mwingine aliyefika akaona mtu ameshika bunduki, akampiga risasi raia yule, naye akafa. Mwendesha mashtaka hakumfungulia askari kesi. Hivyo nafundisha hivi: hatari ikishakwisha, tafuta kizuizi, irudishe bastola kwenye ala mara tu inapokuwa salama kufanya hivyo, usiguse silaha ya mwingine isipokuwa hakuna budi, mpigie simu polisi ukieleza mahali ulipo na nguo ulizovaa, na wakifika mikono iwe mitupu na ionekane. Wakikuamuru ulale chini, lala. Malalamiko utayatoa kupitia wakili wako.

Zawadi

Nashukuru kwa maelezo, ila naona mmeegemea mno upande wa hatari za mwenye silaha kiasi cha kusahau kwamba kuna siku silaha yake ndiyo iliyowaokoa watu. Julai 2022, katika jengo la maduka la Greenwood, Indiana, kijana wa miaka 22 alimzuia muuaji ndani ya sekunde takriban 15 tangu risasi ya kwanza, kwa risasi 10 ambazo 8 kati yake zilimpata. Watu watatu walikuwa wamekwisha kuuawa, na haielekei kwamba wangeishia watatu. Jengo lenyewe lilikuwa na kanuni ya kukataza silaha, na kama kijana yule angeitii, sisi leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Tukiwatisha waombaji halali kiasi hiki, watakaobaki na silaha ni wale wasioomba leseni.

Mkufunzi wa Shabaha

Dada Zawadi, Greenwood ni tukio la kweli na kijana yule alifanya kazi ya kupigiwa mfano. Lakini tazama lilivyokuwa: mshambuliaji alikuwa akiua watu wazi mbele ya macho ya wote, hakuna aliyeweza kumdhania kuwa mtu mwema, na kijana alijiegemeza kwenye nguzo ili alenge kwa uthabiti huku akiwapungia watu mkono watoke kwa kupitia nyuma yake. Arvada na Greenwood zilitofautiana mwaka mmoja tu, na ujasiri ulikuwa ule ule. Simkatazi mtu kubeba. Ninachokikataa ni kuitumia Greenwood kama picha ya kawaida, wakati matukio mengi ya mahali pa umma yanafanana zaidi na ugomvi wa maegesho ya Clearwater.

Kitwana

Nashukuru sana, hasa kwa zile sekunde za kati ya kuchomoa na kufyatua ambazo sikuwahi kuzifikiria. Wakili, naomba nikusumbue kwa mambo mawili zaidi. La kwanza, nikimwona mtu nisiyemjua anapigwa na wawili barabarani, naruhusiwa kuingilia kwa silaha? La pili, baada ya tukio, niwaambie polisi nini? Nimelelewa kuamini kwamba asiye na hatia hueleza kila kitu.

Wakili Mstaafu

La kwanza lina kesi mbili zinazostahili kuwekwa bega kwa bega. Mwaka 1962 Mahakama ya Rufani ya New York ilimkuta na hatia mtu aliyeingilia kati baada ya kuona wanaume wawili wakimkokota kijana njiani; wanaume wale walikuwa wapelelezi wa polisi waliovaa kiraia, wakimkamata kijana kihalali. Mahakama ilisema kwamba anayemtetea mwingine anavaa viatu vya anayemtetea: kwa kuwa kijana hakuwa na haki ya kupinga, mtetezi wake naye hakuwa nayo. Uingereza, mwaka 1983, katika kesi ya Gladstone Williams, mtu alimpiga ngumi mwanamume aliyekuwa akimshambulia kijana barabarani, asijue kwamba kijana yule alikuwa ametoka kumpora mwanamke na kwamba mwanamume alikuwa anamzuia. Hatia yake ilifutwa, kwa sababu alistahili kupimwa kwa hali aliyoiamini kwa dhati. New York yenyewe baadaye ilibadili sheria yake na kuangalia imani ya mtetezi, mradi iwe ya busara.

Zingatia kwamba Williams alitumia ngumi, na aliyekosea kwa ngumi anaweza kuomba radhi. Wewe unauliza juu ya bastola. Sheria nyingi zinakuruhusu kumtetea mgeni kwa kipimo kile kile cha kujitetea mwenyewe, lakini ulifika katikati ya mchezo, hukuona mwanzo wake, na hujui kati ya wale watatu ni nani mwizi, nani askari na nani mume. Ushauri wangu ni kupiga kelele, kupiga simu na kuwa shahidi mzuri, isipokuwa pale unapoona kwa macho yako kwamba mtu anauawa.

Ukimjeruhi mpita njia katika kujihami, usidhani kwamba uhalali wako dhidi ya mshambuliaji unamfunika na yeye. Kanuni ya mfano ya sheria za jinai iliyotungwa na Taasisi ya Sheria ya Marekani inaeleza bayana kwamba aliyefanya uzembe dhidi ya wasiohusika hawezi kujificha nyuma ya haki ya kujihami katika shtaka la uzembe huo. Na shauri la madai huwa na kipimo chepesi zaidi cha ushahidi kuliko la jinai. Goetz alilijua hilo kwa dola milioni 43.

La pili, kuhusu polisi. Usikimbie, usifiche kitu, usiguse maganda ya risasi, na uwe wa kwanza kupiga simu, kwa sababu mara nyingi anayetoa taarifa mwanzo ndiye anayeandikwa kama mlalamikaji. Waonyeshe aliyekushambulia, silaha yake ilipoangukia, na mashahidi kabla hawajatawanyika. Haya yakipotea hayarudi. Waambie kwamba ulishambuliwa na kwamba utatoa maelezo kamili mbele ya wakili. Kisha nyamaza. Mtu aliyetoka kufyatua risasi hukosea umbali, idadi ya risasi na mfuatano wa mambo, nayo makosa hayo yakishaandikwa na kutiwa saini hugeuka kuwa uongo mbele ya mwendesha mashtaka. Goetz, akijisalimisha New Hampshire siku chache baada ya tukio, alizungumza na wapelelezi kwa kirefu huku akirekodiwa, na maneno yake mwenyewe yaliendelea kumfuata hadi kwenye shauri la madai la mwaka 1996. Uliyoyaandika mtandaoni kabla ya tukio nayo yatasomwa. Aliyejigamba hadharani kwamba anamsubiri mwizi kwa hamu asishangae akiulizwa kuhusu hamu hiyo.

Zawadi

Na kwa yule ambaye baada ya kuyasoma haya ameona bastola haimfai, dawa ya pilipili ya kupuliza haitoshi? Nayo angalau haiui.

Mkufunzi wa Shabaha

Kwa matukio mengi ya mahali pa umma inatosha, na ina faida kwamba unaweza kuitumia mapema, kabla hali haijafikia kiwango cha kuua. Ununue na kopo la mazoezi lenye maji, ujifunze kuitoa mfukoni kwa mkono usiotumia sana, na ujue upepo unavuma kutoka wapi, maana ndani ya basi utaipuliza nawe uivute pamoja na abiria wote.

Wakili Mstaafu

Nakubaliana na Mkufunzi, ila mpitie sheria ya nchi mliyomo kabla ya kuinunua. Nchini Ujerumani inauzwa kwa wingi ikiwa na maandishi kwamba ni ya kujikinga na wanyama, na kuitumia dhidi ya binadamu anayekushambulia hupimwa kwa kanuni zile zile za kujihami. Uingereza, kifungu cha 5 cha Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 kinaiweka katika fungu la silaha zilizopigwa marufuku, na kuwa nayo mkobani tu, hata bila kuitumia, ni kosa la jinai.